Barua ya Wazi kwa NCAA: Mwandikeni Mtu wa Katikati

Kwa Bwana Charlie Baker, Rais wa NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vikuu vya Marekani, Indianapolis. Na kwa Bwana Bryan Seeley, Mtendaji Mkuu wa College Sports Commission, tume inayosimamia malipo ya wachezaji wa vyuo. Nakala kwa wakuu wa michezo wa vyuo vikuu vinavyosajili vijana wa mpira wa kikapu kutoka Afrika.

Yah: Madalali wanaosimama kati ya kijana na chuo

Waheshimiwa,

Mimi ni mkalimani wa Kiswahili katika mji wa Louisville, jimbo la Kentucky. Kazi yangu hunipeleka hospitalini, mahakamani na katika ofisi za shule, kwa kuwa mji huu na jirani yake Lexington umekuwa makazi ya familia nyingi kutoka Kongo, na baadhi yao walikaa miaka kadhaa katika kambi za Tanzania, Uganda na Burundi kabla ya kufika huku. Nimeandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Ofisi zenu zina uwezo wa kumlipa mtu wa kuwatafsiria kurasa hizi, ilhali wazazi ninaowaandikia pamoja nanyi hawana mtu wa kuwatafsiria kanuni zenu, na pengo hilo ndilo linalomlisha mtu ninayetaka kumzungumzia.

Miaka michache iliyopita mama mmoja aliniletea karatasi. Mwanawe alikuwa na umri wa miaka 16, na alikuwa ameanza kuinama kila alipopita mlangoni. Mama aliambiwa kwamba ile ni fomu ya shule, na kwamba aisaini kabla ya Jumatatu ili kijana asikose nafasi. Ilikuwa na kurasa nne. Ukurasa wa kwanza ulimfanya mwanamume mmoja, ambaye mtaani aliitwa tu Kocha, kuwa mlezi wa kijana katika mambo ya shule na matibabu. Wa pili na wa tatu zilimpa mamlaka ya kuzungumza na vyuo kwa niaba ya familia, na zikaikataza familia kuzungumza na vyuo hivyo bila yeye kuwapo. Wa nne, kwa herufi ndogo, ulimpa sehemu moja ya tano ya kipato chochote ambacho kijana angekipata kutokana na mchezo huu, mahali popote duniani, kwa miaka saba. Nilimsomea mama neno kwa neno. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kwa Kiswahili chake cha Lubumbashi: “Mwalimu, sasa huyu ni baba yake ao ni dalali wake?”

Hakusaini. Wiki hiyohiyo kijana aliambiwa kwamba nafasi yake katika timu imechukuliwa na mwingine. Simtaji mtu yule wala shule ile, kwa sababu sikuja kushtaki mtu mmoja. Nimekuja na swali la yule mama, ambalo nimelitafutia jibu katika kanuni zenu na sijalipata.

Nimeishi Louisville muda wa kutosha kuikumbuka Jumanne ya tarehe 26 Septemba 2017, siku ambayo waendesha mashtaka wa serikali kuu huko New York walitangaza kukamatwa kwa watu 10, wakiwamo makocha wasaidizi wanne kutoka vyuo vya Auburn, Oklahoma State, Arizona na Southern California, pamoja na ofisa wa kampuni ya viatu ya Adidas. Kabla jua halijatua kila mtu katika mji wetu alikuwa amekwisha kujua kwamba na chuo chetu kimo. Kesi ilipofika mahakamani ilielezwa kwamba familia ya kijana aitwaye Brian Bowen iliahidiwa dola 100,000 ili mtoto wao achague Louisville, chuo ambacho mwezi mmoja kabla ya hapo kilikuwa kimetangaza mkataba wa miaka 10 na Adidas wenye thamani ya dola milioni 160. Baba wa kijana, akitoa ushahidi, alisema kwamba alipokea sehemu ya fedha hizo na kwamba mwanawe hakujua. Kocha mkuu, Rick Pitino, ambaye alisema naye hakujua na ambaye hakushtakiwa, aliachishwa kazi mwezi Oktoba. Kijana mwenyewe hakuichezea Louisville mechi hata moja.

Oktoba 2018 James Gatto wa Adidas, Merl Code aliyekuwa mshauri wa kampuni hiyo, na Christian Dawkins, kijana aliyekuwa akihangaika kuanzisha kampuni yake ya uwakala, walitiwa hatiani kwa ulaghai. Gatto alihukumiwa kifungo cha miezi 9 na wenzake miezi 6 kila mmoja. Na nani alikuwa amelaghaiwa? Kwa mujibu wa mashtaka, aliyelaghaiwa ni chuo kikuu, kwa sababu kilitoa ufadhili wa masomo kwa mchezaji ambaye, kwa siri ya fedha ile, alikuwa amepoteza sifa ya mchezaji wa ridhaa, ambaye wakati huo hakuruhusiwa kulipwa. Nakiri kwamba nilipoisikia hoja hiyo mara ya kwanza nilidhani nimeitafsiri vibaya. Nilirudia kusoma. Chuo chenye mkataba wa dola milioni 160 ndicho kilichokuwa mhanga, na kijana aliyepoteza msimu wake hakuwa na jina katika orodha ya waliodhulumiwa. Jopo huru lililokabidhiwa shauri hilo upande wa michezo lilimaliza kazi yake Novemba 2022, na likaipa Louisville miaka miwili ya uangalizi na faini ya dola 5,000. Kwa dola 5,000 mtu hapa mjini hanunui hata gari la mitumba la kuaminika.

Kesi hiyohiyo ilimgusa kijana wa Afrika, na hapa nawaomba mtulie nami. Silvio De Sousa alitoka Angola, akasoma sekondari Florida, akajiunga na chuo kikuu cha Kansas mwanzoni mwa 2018 na kucheza nacho hadi nusu fainali ya taifa. Mahakamani ilielezwa kwamba mlezi wake alipokea dola 2,500 kutoka kwa mtu aliyekuwa akifanya kazi na Adidas, na kwamba alikubali kupokea dola 20,000 nyingine. Chuo kilisema hakuna ushahidi kwamba kijana alijua. Februari 2019 NCAA ilimfungia kwa muda uliobaki wa msimu huo pamoja na msimu wote uliofuata, na adhabu hiyo ilipunguzwa kwa rufaa mwezi Mei ili aweze kucheza tena. Baadaye, mwaka 2023, Kansas ilifutiwa ushindi wa mechi alizocheza pamoja na ile nusu fainali. Tazameni mpangilio wa watu katika mkasa huu: aliyetoa fedha alikuwa mtu mzima, aliyepokea alikuwa mtu mzima, na kampuni iliyofaidika ilikuwa ya watu wazima, lakini aliyekaa benchi akiwa amevaa suti badala ya jezi ni kijana aliyevuka bahari akiwa mtoto na kuambiwa amsikilize mlezi wake kama anavyomsikiliza baba.

Nasikia jibu lenu. Mtasema hayo ni mambo ya zamani, kwamba siku hizi fedha zinatolewa mchana kweupe. Ni kweli, na mimi si miongoni mwa wanaolilia zama zile. Juni 2021 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa kura zote 9, iliamua dhidi yenu katika shauri la Alston, lililohusu mafao ya kimasomo ambayo vyuo vinaweza kuwapa wachezaji. Julai mosi mwaka huo mliwaruhusu wachezaji kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao. Na tangu Julai 2025, baada ya Jaji Claudia Wilken kuidhinisha mapatano ya shauri la House, ambalo wachezaji walidai malipo yao, chuo kinaweza kuwagawia wachezaji wake wa michezo yote mamilioni ya dola kila mwaka, na kikomo cha mwaka wa kwanza kilikuwa dola milioni 20.5. Mashindano ya Machi ya ubingwa wa taifa peke yake yamewaletea fedha za televisheni zinazohesabiwa kwa mabilioni, na haikuwa haki kwamba wanaotoa jasho uwanjani wawe ndio pekee wasiogusa senti.

Hata hivyo, mlipoifungua hazina hamkuweka mlinzi mlangoni. Chini ya utaratibu mpya, mchezaji anayepata dola 600 au zaidi kutoka kwa mtu wa nje, tuseme kwa kulitangaza duka la viatu, anatakiwa kuwapa taarifa, na mapatano yake yapimwe kama ni ya biashara ya kweli. Lakini mtu mzima aliyemkalisha kijana huyo sebuleni na kumwambia chuo kipi achague, saa ngapi ahame, na asilimia ngapi amwachie, huyo hatoi taarifa kwenu. Mwaka 2024 mlianzisha daftari la watoa huduma kwa wachezaji, nikafurahi, hadi niliposoma kwamba kujiandikisha ni kwa hiari. Daftari la hiari litaandikwa na wale ambao hawakuwa na cha kuficha.

Chama cha wachezaji wa NBA hakimruhusu wakala kuchukua zaidi ya asilimia 4 ya mkataba wa mchezaji, na mchezaji anayezungumziwa hapo ni mtu mzima, tajiri, mwenye mwanasheria. Kwa kijana wa miaka 18 wa chuo, hadi ninapoandika, hakuna kikomo cha taifa zima, na makato ya asilimia 10 hadi 20 yamekuwa yakiripotiwa mara kwa mara. Ipo sheria ya shirikisho ya mwaka 2004 inayomkataza wakala kumdanganya mchezaji mwanafunzi au kumpa kitu cha thamani ili asaini, na majimbo mengi yana sheria zao za kuwasajili mawakala. Sheria hizo zinamhusu anayejiita wakala. Yule wa kwetu hajiiti hivyo. Anajiita kocha, mjomba, mchungaji, mfadhili, mlezi, na wakati mwingine ni kweli kwamba amewahi kuwa kimojawapo.

Dar es Salaam mtu anayekuunganishia umeme ilhali si mfanyakazi wa shirika la umeme huitwa kishoka. Kishoka anaijua kazi, anawajua wakubwa, anakuja haraka kuliko ofisi, na watu humkimbilia kwa sababu ofisi ina foleni. Nyumba ikishika moto ndipo unapogundua kwamba hujui hata jina lake la pili. Mchezo wenu umejaa vishoka, na foleni iliyowazaa ni yenu: kanuni ndefu, kwa lugha moja, zenye tarehe za mwisho ambazo mzazi wa Kawempe huko Kampala au Katuba huko Lubumbashi hana namna ya kuzijua.

Sisemi kwamba wote ni wezi. Nimewajua walezi waliomlea mtoto wa mwenzao kwa mshahara wa kiwandani, wakamnunulia viatu namba 17 visivyopatikana madukani, wakampeleka mazoezini saa 11 alfajiri miaka minne mfululizo, na wasidai chochote. Bila watu wa namna hiyo vijana wengi wasingefika popote. Lakini kanuni zinazoshindwa kumtofautisha mlezi wa namna hii na mwenye karatasi ya kurasa nne zinamdhulumu yeye pia, maana kila anapofika chuoni akiongozana na kijana, makocha humtazama wakijiuliza bei yake.

Na vyuo visijifanye wageni katika biashara hii. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, Nike ilipoanza kuwalipa makocha wa vyuo ili vijana wao wavae viatu vyake, njia ya kumfikia mchezaji imekuwa ikipita kwa mtu aliye karibu naye kuliko mwalimu wake. Leo Nike, Adidas na Under Armour kila moja ina mashindano yake ya vijana wakati wa kiangazi, na kocha wa timu ya kiangazi ndiye mwenye funguo. Ninyi wenyewe mlikwisha kumtambua: katika kanuni zenu za mpira wa kikapu wa wanaume mliandika kwamba chuo kisimpe mtu aliye karibu na mchezaji anayesajiliwa kazi isiyo ya ukocha, kwa miaka miwili kabla na miaka miwili baada ya mchezaji kujiunga. Mkaacha kazi ya ukocha yenyewe wazi. Kwa hiyo wanaotaka kumpata kijana pamoja na mpambe wake humpa mpambe kiti cha ukocha msaidizi, na kila mtu hupiga makofi.

Kwa kijana mgeni kuna tanzi jingine, nalo ni viza. Oscar Tshiebwe, mzaliwa wa Lubumbashi, alikuwa mchezaji bora wa vyuo wa taifa zima mwaka 2022 akiwa na Kentucky, kwa wastani wa ribaundi 15.1 kwa mechi, na sisi wa huku tulimshangilia kama mtoto wa nyumbani. Wenzake walikuwa wakisaini matangazo, naye, kwa kuwa alikuwa na viza ya mwanafunzi inayobana kazi za malipo ndani ya Marekani, alilazimika kusubiri hadi timu ilipokwenda Bahamas Agosti 2022 ndipo akafanya kazi zake za matangazo akiwa nje ya mipaka. Alikuwa na chuo kikubwa nyuma yake na washauri waliojua mpaka uko wapi. Kijana wa mwaka wa kwanza katika chuo kidogo ana yule yule Kocha, anayemwambia, “Saini tu, hayo ya viza nitayaweka sawa.” Hayawi sawa. Karatasi ikikutwa na kasoro anayefukuzwa nchini ni kijana, na Kocha anabaki kwake akisubiri mwingine atue uwanja wa ndege.

Mwaka 2018, huko Charlotte, mkuu wa shule ndogo ya binafsi alikiri kosa mahakamani kwa kutoa karatasi za uandikishaji kwa makumi ya wanafunzi wa kigeni ambao hawakusoma katika shule yake. Na Aprili 2025, serikali ya Marekani ilipotangaza kufuta viza za raia wa Sudan Kusini, Khaman Maluach, aliyekulia Kampala, alikuwa akijiandaa kucheza nusu fainali ya taifa akiwa na chuo kikuu cha Duke. Alicheza, na mwezi Juni akachaguliwa wa 10 kwenda NBA. Nawataja kwa pamoja ili mwone jinsi maisha ya vijana hawa yanavyoning’inia kwenye karatasi ambazo wao wenyewe hawazishiki.

Ninachowaomba hakihitaji Bunge. Mchezaji yeyote asiruhusiwe kuingia uwanjani kabla chuo hakijawasilisha kwenu jina la kila mtu mzima, asiyekuwa mzazi, aliyezungumza na chuo kwa niaba yake, pamoja na tamko lililosainiwa na mtu huyo kueleza alichopokea, alichoahidiwa na anachotarajia, kutoka kwa chuo, kampuni ya viatu, mfadhili au kijana mwenyewe. Tamko la uongo limfungie mtu huyo viwanja vyote vya usajili, ikiwamo kazi ya ukocha. Makato yake yasizidi yale yanayoruhusiwa kwa mwanachama tajiri wa NBA. Mkataba wowote uliosainiwa na mzazi katika lugha asiyoisoma, bila tafsiri, msiutambue. Nao ulezi wa shule usiwe kamwe katika karatasi moja na mgawo wa fedha. Kwa kijana mwenye viza, awepo mwanasheria wa uhamiaji anayelipwa na chuo na ambaye hana mgawo wowote, kabla ya saini ya kwanza.

Kuhusu adhabu nitasema kwa ukali kidogo. Pale ambapo chuo chenyewe kinakubali kwamba mchezaji hakujua, msimguse. Nimekwisha kuwatafsiria wazazi barua mbili za namna hiyo, na katika zote neno gumu kulitafsiri lilikuwa “kuwajibika”, kwa sababu mzazi aliniuliza mtoto wake anawajibika kwa lipi, nami sikuwa na la kumjibu.

Mtaniambia kwamba walaji watatafuta njia nyingine, kwamba fedha zitapita kwa shemeji, kwa taasisi ya hisani, kwa akaunti ya mtu mwingine. Zitapita. Lakini leo hata hamwulizi, na mtu asiyeulizwa hana sababu ya kudanganya. Siku atakapolazimika kuandika uongo na kuusaini, mwendesha mashtaka atakuwa na kitu cha kushika ambacho hakimgeuzi chuo kuwa yatima.

Yule kijana wa ile karatasi ya kurasa nne hakupata chuo cha daraja la kwanza. Anacheza katika chuo cha miaka miwili, saa tatu kwa gari kutoka hapa, na mama yake huniomba kila msimu nimsomee ratiba ya mechi. Mwezi uliopita aliniletea karatasi nyingine, safari hii kutoka kwa mtu mpya anayesema anaweza kumhamishia kijana chuo kikubwa. Ina kurasa sita. Jina la mtu huyo nimelitafuta katika daftari lenu la hiari, sikuliona.

Nasubiri majibu yenu. Mkiniletea kwa Kiingereza nitayatafsiri mwenyewe, bila malipo, na kuyasoma kwa sauti Jumapili baada ya ibada, katika ukumbi ambao wazazi hawa hukutana. Mama huyo hukaa safu ya pili, na nimemwomba asisaini hadi siku hiyo.

Wenu,
Mkalimani, Louisville, Kentucky